Kubadilisha Bushi za Mbele za Tuktuk Mwenyewe

Tuktuk ikianza kugonga ko-ko-ko mbele kila inapovuka tuta, wenye nayo wengi Nairobi hukimbilia kununua shokomzoba mpya, au shoki kama wengi wanavyoiita. Shoki inafungwa, kelele inabaki palepale, na pesa imeshakwenda. Mara nyingi mgonjwa ni bushi za mkono wa mbele, vile vipande vifupi vya bronzi, nailoni au sindano za chuma vinavyokaa ndani ya jicho, yaani tundu, la mkono huku pini ikipita katikati. Kazi ya kuzibadilisha inamalizika kwa siku moja ukiwa na vifaa na spea mkononi. Kinachoiharibu ni haraka, na tabia ya kuweka bushi mpya juu ya pini iliyolika.

Maelezo haya yanahusu tuktuk ambazo gurudumu la mbele linashikwa na mkono mmoja mfupi, upande mmoja tu, ukining'inia kwenye foku, chuma kinachoshuka kutoka kwenye stelingi. Muundo huo ni urithi wa Vespa ya mwaka 1946, ambayo Piaggio waliigeuza kuwa Ape ya magurudumu matatu mwaka 1948. Urithi wenyewe una bei yake. Kwa kuwa gurudumu liko kando ya mkono, kila shimo halisukumi mkono juu tu, linaupinda pia. Ndiyo maana bushi zikitolewa utakuta moja imelika zaidi kwa juu na mwenzake kwa chini, na tairi limeliwa ukingo mmoja. Kama yako ina foku ya miguu miwili kama ya pikipiki, hatua za kupima zitakufaa lakini za kufungua hazitafanana.

Pima kwanza, nunua baadaye

Egesha kwenye sakafu ngumu iliyo tambarare. Vuta handibreki, weka gia ya kwanza, na ukabe magurudumu yote mawili ya nyuma kwa mawe au vipande vya mbao, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Weka jeki chini ya chuma kizito cha chasisi kwa mbele. Usiiweke chini ya bati la sakafu, litabonyea na tuktuk itateleza. Gurudumu likishainuka, weka stendi mbili chini ya chasisi na ushushe uzito juu yake. Jeki ni ya kuinulia, ikishainua kazi yake imekwisha.

Kuna mazoea ya kuilaza tuktuk ubavu kwa kuwa watu watatu wanaweza kuisukuma. Kwa kazi hii usifanye hivyo. Petroli inavuja, asidi ya betri inamwagika, oili ya injini inaweza kupanda hadi kwenye eya klina, na hewa inaweza kuingia kwenye mfumo wa breki. Utajikuta na matatizo manne badala ya moja.

Sasa shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta kwa zamu. Kisha lishike mbele na nyuma, ufanye vivyo hivyo. Likicheza, kuna viungo vitatu vya kushuku, na kila kimoja kina dalili yake.

Beringi za gurudumu: tairi na dramu vinacheza lakini mkono umetulia. Mwambie mtu akanyage breki ukiwa unatikisa. Mchezo ukitoweka breki inapokanyagwa, hizo ni beringi za gurudumu, na bushi haina kosa.

Bushi za mkono: bandika kidole pale mkono unapokutana na foku, nusu ya kidole juu ya hiki na nusu juu ya kile. Mtikiso ukiusikia pale, na ukibaki hata breki ikikanyagwa, umempata mhusika. Ukitaka kuhakikisha, ingiza bisibisi ndefu kati ya mkono na foku ubenue polepole. Mkono ukisogea kando kwa namna inayoonekana kwa macho, usiendelee kupima.

Beringi za stelingi: foku yenyewe inasogea ikilinganishwa na bodi. Geuza stelingi kutoka kona hadi kona. Ikikwama katikati kama imepata kitanda, golori zimechimba njia zake na hiyo ni kazi nyingine.

Usisahau raba za shoki, juu na chini. Zikipasuka hugonga kwa sauti inayofanana kabisa na ya bushi. Shika shoki kwa mkono uitikise. Ikicheza kwenye boliti yake, badilisha raba hizo pamoja na bushi, kwa kuwa utakuwa umeshafika hapo.

Spea na vifaa

Kwa mkono mmoja nunua seti kamili ya bushi, pini mpya, sili zote, washa za pembeni, nati mpya ya kujifunga na pini ya kufuli, ile ya waya unaokunjwa baada ya kupita kwenye tundu la nati. Ongeza raba za shoki. Grisi iwe ya lithiamu, namba 2. Kopo la nusu kilo litabakisha ya kutosha kwa miezi.

Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wazima bado wanaiita Grogan, ina maduka ya kutosha ya kulinganishia. Ukishazitoa kwa hatua zilizo hapa chini, nenda na bushi kuukuu na pini kuukuu mfukoni, na nambari ya chasisi kwenye simu. Jina la tuktuk peke yake halitoshi, kwa sababu kampuni hiyohiyo hubadilisha vipimo kati ya toleo moja na jingine. Kabla ya kulipa, ingiza pini mpya kwenye bushi mpya palepale kaunta. Bushi ya bronzi ambayo haijapigwa inapaswa kuipokea pini kwa ulaini. Ikicheza ikiwa bado mkononi, usitegemee kwamba kule kujibana kidogo itakapoingia kwenye jicho kutatosha, iache. Pini iwe na uso unaong'aa, wenye ugumu. Ipitishe tupa ndogo kwa siri: tupa ikiteleza bila kuuma, chuma kimekomazwa. Ikikwangua kwa urahisi, hiyo pini haitamaliza mvua za Aprili.

Vifaa ni spana na soketi za kawaida, nyundo ya chuma na ya plastiki, panchi, koleo la saklipu (pete ya chuma inayozuia bushi isitoke), msasa laini, mafuta ya kulegeza kutu, mafuta ya taa ya kuoshea, waya, na bomba la grisi. Vernia ya kupimia, hata ile ya bei ya chini, itakuokoa na mabishano. Halafu unahitaji kifaa kimoja ambacho hakiuzwi, unakitengeneza: presi ya boliti. Tafuta boliti ndefu ya M12, yaani ya unene wa milimita 12, yenye alama ya uimara 8.8 kichwani, iliyo na nyuzi kwa urefu mwingi, nati mbili, washa nene nne, na kipande cha paipu ya maji ya chuma ya inchi moja. Paipu hiyo kwa ndani ina takriban milimita 27, kwa hiyo bushi yenye kipenyo cha nje cha milimita 25 au 26 inapita ndani yake bila kugusa. Bushi yako ikiwa kubwa zaidi, panda hadi paipu ya inchi moja na robo.

Kufungua

Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Ikiwa rimu ni ya vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, hakikisha unafungua nati zinazoshika rimu kwenye habu. Ukifungua zinazoshikanisha vipande tairi likiwa na upepo, rimu inapasuka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Usipokuwa na hakika, toa upepo wote kwanza.

Toa gurudumu, kisha dramu. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lioshe kwa maji ya sabuni, kwani lainingi nyingine bado zina asbesto na hakuna anayejua ya kwako ilitoka wapi. Tangu hapa asiguse mtu pedeli ya breki. Dramu ikiwa nje, ukanyagaji mmoja unatosha kurusha pistoni za silinda ya breki na kumwaga mafuta yote. Fungua sahani ya breki kutoka kwenye mkono na uitundike kwa waya kwenye foku, paipu ya mpira ikiwa legelege. Ukiiacha ining'inie kwa paipu yake, mpira unachanika ndani mahali usipopaona.

Weka jeki chini ya mkono na uuinue kidogo tu, mpaka boliti ya chini ya shoki iwe haina mzigo. Toa boliti, halafu shusha jeki polepole. Hili ni muhimu zaidi kwa tuktuk ambazo springi imesimama peke yake kando ya shoki. Springi hiyo ikiachiwa ghafla itaruka.

Piga picha ya pini na washa zake pande zote mbili kabla ya kugusa chochote. Mpangilio wa washa ndio unaoweka mkono katikati, na ukiurudisha kwa kubahatisha gurudumu litakaa kando.

Ng'oa pini ya kufuli, legeza nati, lakini usiitoe. Irudishe mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, ndipo ugonge. Hapo nyuzi za pini hazitatawanyika, na ukihitaji kuirudisha kwa muda utaweza. Pini iliyoshikwa na kutu inyunyizie mafuta ya kulegeza jioni, urudi asubuhi. Anayetaka kutumia moto aondoe kwanza paipu ya breki, sili na raba zote karibu, jambo ambalo kwa kawaida linachukua muda mrefu kuliko kusubiri.

Kutoa bushi na kukagua jicho

Osha mkono kwa mafuta ya taa mpaka uone chuma. Toa sili kwa bisibisi, ukiangalia mdomo wake ulielekea wapi. Ikiwa kuna saklipu, itoe. Bila kuitoa, utapiga bushi mchana kutwa.

Pitisha boliti ya M12 ndani ya jicho. Upande mmoja weka paipu na washa nene, ipokee bushi inapotoka. Upande wa pili weka soketi au washa iliyo ndogo kidogo kuliko tundu la jicho, isukume bushi. Kaza nati na bushi itatembea yenyewe. Tia grisi kwenye nyuzi za boliti, la sivyo zitakatika kabla ya kazi kuisha. Bushi iliyogoma kabisa ikate kwa ndani kwa jino la msumeno wa chuma, mkato mmoja wa urefu wote, kisha ikunje kwa patasi. Acha kukata unapoona bronzi imebaki nyembamba. Ukifika kwenye chuma cha jicho umejiongezea kazi.

Sasa ndio wakati ambao mafundi wengi wanaupita mbio. Pima tundu la jicho kwa vernia mara mbili, juu hadi chini na mbele hadi nyuma. Ukikuta tofauti ya milimita 0.1 au zaidi, jicho limekuwa yai. Bushi mpya itaingia kwa mkono, itazunguka ndani, na kelele itarudi. Kuna wanaopigapiga panchi kuzunguka tundu ili libane, na wengine huzungushia kipande cha kopo la soda. Vyote viwili vinashika kwa wiki chache. Dawa yake ni fundi wa kukereza, na Kariobangi Light Industries hawakosekani. Atanyoosha tundu na kukukerezea bushi ya bronzi yenye unene wa nje ulioongezwa. Mpelekee na pini mpya, akereze kwa kufuata pini hiyo hasa. Na kabla mkono haujarudi nyumbani, auangalie kama umepinda, kwa sababu mkono uliopinda utazila bushi zozote utakazoweka.

Pini kuukuu nayo ipitishe ukucha. Ukucha ukinasa kwenye ukingo, iende na vyuma chakavu. Ukingo huo mdogo ni tupa inayofanya kazi ndani ya bushi yako mpya kila tuktuk inapotembea.

Kuingiza bushi mpya

Weka bushi kwenye friza usiku mzima, na jicho la mkono lipashe moto mpaka tone la maji lichemke juu yake. Kwa bushi ya milimita 25, baridi inapunguza karibu milimita 0.02 na joto linaongeza kiasi hichohicho. Ni kidogo kwa macho, lakini kubana kwenyewe ni kwa sehemu chache za mia za milimita, hivyo tofauti utaisikia kwenye spana. Bushi za nailoni usizipashe moto.

Angalia mambo matatu kabla ya kukaza. Kwanza, tundu la grisi la bushi lilingane na chuchu ya grisi ya mkono, ile ncha inayopokea bomba la grisi. Weka alama kwa kalamu kwenye ukingo wa bushi na kwenye jicho, uzifuate. Bushi ikiingia tundu likiwa limegeukia ukuta, utapiga grisi hadi bomba lipasuke na pini itabaki kavu. Pili, ncha ya jicho isiwe na kipele cha chuma. Kisugue kwa msasa. Tatu, beringi za sindano zina upande wenye maandishi, na huo ndio unaosukumwa, kwa kuwa ni mgumu zaidi. Ukisukuma upande wa pili ganda linajikunja na sindano zinakwama.

Vuta kwa presi ya boliti polepole. Baada ya milimita mbili tatu simama, utazame kwa pembeni. Ikiwa imeinama, itoe uanze upya. Bushi haijinyooshi ikishaingia nusu, inachimba. Nyundo usiilete hapa.

Bushi ya bronzi ikishaingia hujibana kidogo kwa ndani, na pini iliyopita kaunta inaweza kukataa sasa. Hilo ni la kawaida. Tafuta rima ya kupanulia, ipitie bushi zote mbili kwa mpito mmoja ili ziwe kwenye mstari. Huna rima? Rudi kwa fundi wa kukereza. Usizungushe msasa kwa kidole, utatengeneza tundu la mviringo mbovu. Kipimo kizuri ni pini kuingia kwa kusukumwa na kidole gumba, ikiwa na filamu ya grisi, bila kutikisika kando.

Kufunga

Jaza grisi kwenye mifereji ya bushi, kati ya sindano, na midomoni mwa sili. Mdomo wa sili uelekee nje pale ambapo kazi yake ni kuzuia maji na vumbi. Fuata ulivyouona ulipoitoa ile ya zamani.

Weka mkono mahali pake na washa zake, pitisha pini, kaza nati. Usifunge shoki bado. Inua mkono kwa kiganja uuachie. Unapaswa kushuka kwa uzito wake wenyewe, bila kukwama na bila kuanguka kama mlango usio na bawaba. Ukibaki hewani, umebanwa pembeni, punguza washa. Ukicheza kando, ongeza washa nyembamba. Jaribio hili la sekunde tano ndilo linalotenganisha kazi ya kudumu na ya kurudiwa.

Kiwango cha kukaza nati ya pini kifuate kitabu cha tuktuk yako. Boliti za shoki, ikiwa ni za 8.8 na huna kitabu, kwa kawaida M10 hukazwa karibu Nm 50 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) na M12 karibu Nm 85. Bila spana ya kupima, Nm 50 ni sawa na kuning'iniza kilo 17 kwenye mwisho wa spana ya sentimita 30. Pini ya kufuli iwe mpya. Waya wa zamani uliokunjwa mara mbili unakatika bila taarifa.

Raba za shoki zilainishe kwa maji ya sabuni. Grisi na oili huvimbisha raba asilia na kuilegeza. Boliti za shoki zishike kwa mkono tu kwanza, rudisha breki, dramu na gurudumu, shusha tuktuk ikae kwenye magurudumu yake yote, itikise mara kadhaa, ndipo uzikaze kabisa. Ukizikaza gurudumu likiwa hewani, raba itakuwa imesokotwa muda wote inaposimama barabarani, na itachanika upesi.

Sukuma grisi mpaka uione ikitoka pande zote mbili za mkono. Ikitoka upande mmoja tu, tundu moja limeziba au halikulingana. Kanyaga breki mara kadhaa ukiwa umesimama kabla ya kuondoka, kisha jaribu taratibu kwenye barabara isiyo na watu. Breki ikivutia upande mmoja, kagua kama sahani ya breki imekaa sawa. Baada ya kilomita 50 hivi kaza tena nati zote, pamoja na za gurudumu.

Grisi hiyo haidumu. Tuktuk inayobeba abiria kila siku Mwiki au Githurai isipite kilomita 1,000 bila kuongezewa, na msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, iongezwe mapema zaidi. Kinachoimaliza haraka kuliko mashimo ni mashine ya presha ya kuoshea: maji yanapenya kwenye sili na kuisukuma grisi nje. Mwambie anayeosha asielekeze bomba kwenye jicho la mkono, na ukifika nyumbani piga grisi mara tatu nne mpaka yale maji yatoke. Chuchu ikipoteza kifuniko chake, ifunike kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa kama pete na kufungwa kwa waya.